Ukimya wa Kwanza hadi wa Kumi na Moja

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi mbaya. Mke wangu amenikumbusha mapatano yetu, tena kwa upole, pini mdomoni. Mwaka jana, tarehe mosi Julai, nilipoacha ukarani niwe mchoraji, alinipisha chumba chake cha kushonea, akahamishia cherehani koridoni. Mwaka mmoja, tulikubaliana. Ukiisha, tutatazama nilichofanya. Kama hakuna kitu, cherehani itarudi chumbani na mimi nitarudi kwenye mafaili. Unaisha Jumatatu, tarehe 30. Nikamwambia aondoe shaka, kazi zimejaa hadi sina pa kukanyaga.

Nikaingia chumbani kuhesabu. Picha zilizokamilika: tatu. Moja ni mlango. Niliupaka mwezi Oktoba, lakini niliupaka kwa hisia. Ya pili ni kibao cha "Tafadhali Bisha Hodi". Ya tatu sijui juu ni wapi.

Mchana nikaenda maktaba. Nikamwambia mkutubi nataka kufanya onyesho la kutazama nyuma: mwaka mzima wa ubunifu, picha arobaini. Hiyo arobaini ilinitoka tu. Mama wa watu alifurahi! Amenipa ukuta mzima wa chumba cha kusomea, ufunguzi Jumamosi ijayo. Mke wangu akiona watu wamejaa, atasema vipi hakuna kitu? Nina akili mimi.

Jumapili, 22 Juni

Msanii anayetazama nyuma hukosi kumwona na maelezo ya mwaka wake. Nimeandika yangu.

Julai: nilipaka kuta za chumba rangi nyeupe. Agosti: nilizipaka upya, ile nyeupe ya kwanza ilikuwa na kiburi. Septemba: nilitafuta kiti. Oktoba: mlango. Novemba: sikufanya kitu kwa uchungu, maana zahanati ilimpa Mkono Mwepesi kazi ya kuchora ukuta wake. (Huyu ni mwandika mabango wa ng'ambo ya barabara. Huchora mikasi kwa ajili ya vinyozi na viatu kwa ajili ya washona viatu. Mimi huniita "fundi". Mimi!) Desemba hadi Februari: kutafakari. Machi: nilianza picha kumi na tisa. Aprili: niliziacha zote. Mei: tazama Desemba.

Nimeyasoma mara mbili. Maelezo yanavutia. Zinazopungua ni picha.

Jumatatu, 23 Juni

Picha kumi na moja kwa siku moja! Zote juu ya vipande vya plaiwudi, zote kahawia, kwa kuwa rangi iliyobaki ni kopo la rangi ya mafuta ya geti. Nimeziita Ukimya wa Kwanza, Ukimya wa Pili, hivyo hivyo hadi wa Kumi na Moja. Nyuma ya kila moja nimeandika mwezi: Agosti, Novemba, Februari. Si uongo. Ukimya huo nilikuwa nao miezi hiyo, sikuwa nimeupaka tu.

Mke wangu alipita na rundo la sare za shule, akauliza kama tunabadilisha geti. Nikajitia kutosikia.

Jumatano, 25 Juni

Mkutubi alikuja kuona kazi. Bila kuitwa. Ni mwanamke anayesoma kila kitu, hata migongo ya picha. Akauinua Ukimya wa Pili, akasoma "Agosti", kisha akatazama vidole vyake. Vilikuwa kahawia.

Nikamweleza kwamba rangi ya aina hii hupumua.

"Inapumua tangu Agosti?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akavifuta vidole polepole kwa leso, akauliza zile nyingine ishirini na tisa ziko wapi. Nikasema ziko njiani. Hakubisha. Alisema tu kwamba amemwomba Mkono Mwepesi aje na ngazi yake Jumamosi asubuhi anisaidie kutundika, kwa kuwa ana jicho zuri.

Jicho zuri! La kupimia mikasi!

Alhamisi, 26 Juni

Nimepanga, nimetekeleza. Nilivuka barabara nikamwambia Mkono Mwepesi onyesho limesogezwa hadi Jumapili, asihangaike na ngazi. Akanishukuru, akanivutia kigoda, akasimulia habari za mgongo wake. Kisha akasema ameona kupitia dirishani vile vibao vyangu vya kahawia havikauki, akanipa chupa ya dawa ya kukaushia rangi. Alisema niweke kifuniko kimoja tu.

Nimeweka chupa nzima. Sitafundishwa kazi na mwandika mabango.

Ijumaa, 27 Juni

Rangi imekauka. Pia imepasuka, yote, kama matope ya kiangazi. Nilikaa chini dakika tano. Kisha nikaona: zinaonekana za kale! Nani atakayebisha tarehe zangu sasa?

Tatizo moja dogo, zisikwaruzane njiani. Nikatafuta cha kuweka katikati. Chini ya meza kulikuwa na bunda la karatasi za khaki, zile ambazo mke wangu hukatia vipimo vya nguo. Mwaka mzima nimekuwa nikizichafua kwa penseli kila kazi inaponigomea, yaani kila siku. Hakuna cha maana: yeye kwenye cherehani, yeye akitunga uzi, mikono yake, shingo yake, yeye amelalia rundo la sare. Mlango ukiwa wazi, koridoni hakuna kingine cha kutazama. Nikaweka karatasi nne nne kati ya kila picha na nyingine. Kumbe hata takataka zina kazi. Jioni nikapeleka mzigo maktaba, nikamkabidhi mkutubi.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilichelewa makusudi, msanii hawahi ufunguzi wake. Nikakuta watu wamejaa. Moyo ukavimba. Nikaingia, nikatazama ukutani.

Karatasi za khaki! Arobaini, zimebanwa kwa nafasi sawa, zimenyooka kama mistari ya daftari. Na Ukimya wangu? Vibao vyote kumi na kimoja vimepangwa nyuma ya mlango pamoja na mafagio!

Mkono Mwepesi alikuwa amekuja na ngazi yake kama kawaida. Mkutubi alimwambia hakuna kilichosogezwa. Akafungua mzigo, akatundika picha, na vibao vya kufungashia akavihifadhi vizuri ili nirudi navyo nyumbani. Ndivyo alivyoniambia, tena kwa heshima. Mkutubi alikuwa pembeni, macho kwenye kitabu kilichopinduka. Huyu alijua.

Nikataka kupiga kelele. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya ile karatasi ya binti yake aliyelalia sare, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alisema hakujua kwamba mwanawe huchoka hivyo. Mkono Mwepesi alivua kofia, akasema miaka ishirini ameshika brashi na hajawahi kuchora mkono unaofanya kazi. Dhihaka, bila shaka. Nikamnunia.

Mke wangu alizungukia zote arobaini, moja baada ya nyingine. Alipofika kwangu macho yalikuwa yamelowa.

"Kumbe ulikuwa unaniona," akasema.

Nikamnong'oneza kwamba kazi zenyewe ziko nyuma ya mlango, karibu na mafagio, aende kabla watu hawajazidi. Akanitazama muda mrefu. Kisha akacheka, akanifuta doa la kahawia sikioni.

Jumatatu, 30 Juni

Siku ya hukumu. Alifungua daftari lake la vipimo, ukurasa tulioandikia mapatano. Nilijikaza kisabuni. Akasema chumba nibaki nacho mwaka mwingine. Sharti moja tu: mlango uwe wazi.

Mama mkwe ameomba karatasi moja. Mkutubi anataka zibaki ukutani mwezi mzima.

Nimelitafakari jambo hili na nimelielewa. Watu waliuona Ukimya wakati wa kuingia, ukawazidi nguvu, wakakimbilia vikaratasi kupumzisha macho. Ushindi ni wa kahawia. Kosa langu lilikuwa udogo wa vibao.

Jumanne, 1 Julai

Mwaka mpya wa kazi umeanza vizuri sana. Leo nimeunda fremu ya mita tatu kwa mbili na kuikazia kitambaa chake. Niliiundia koridoni, nikamwomba mke wangu asogeze cherehani, akasogeza. Nikaanza kuiingiza chumbani, mimi mbele nikivuta. Imefika nusu ikakwama. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Mimi niko ndani. Dirisha lina nondo.

Mke wangu aliuliza kutoka upande wa pili kama ndivyo nilivyoelewa lile sharti. Nikamjibu kwamba mlango uko wazi kabisa, umejaa tu. Akauliza nitatokaje kula. Nikamwambia msanii haulizwi maswali ya namna hiyo.

Sijapata jibu bado. Lakini nina mwaka mzima.