Kiti Changu Karibu na Dirisha

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa tangu nitoke hospitali. Moyo bado upo. Leo darasa la kwanza la mazoezi ya moyo, kwenye ukumbi wa zamani wa dansi nyuma ya hospitali. Sakafu ile ile ya mbao. Pale dirishani ndipo marehemu mke wangu aliponikanyaga kidole usiku tuliokutana, kisha akanilaumu mimi kwa kuvaa viatu laini. Nimekaa nikilitazama dirisha hadi Sista, muuguzi anayetufundisha, akauliza kama kifua kinauma. Kilikuwa kinauma, lakini si kwa namna anayoijua yeye.

Katugawia vidude vya kuhesabu hatua, unabana kwenye kiatu. Hatua elfu tatu kwa siku, na kila jioni umpigie simu umtajie. Viti viko kumi na viwili, nje wanasubiri watu kumi na wanne. Atakayezembea, kiti anapewa mwingine. Changu sikitoi, kiko karibu na dirisha. Kutembea nako sikutaki. Nimekuwa fundi cherehani miaka arobaini na mbili. Kazi yangu ni kukaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa muuza maziwa na kurudi. Hatua mia tatu na kumi, ulimi nje. Posta kanipigia makusudi kunitajia zake: elfu tano! Huyu ni mpeleka barua mstaafu, mgonjwa mwenzangu darasani. Simpendi tangu ujana. Enzi za uchumba wangu ndiye aliyepeleka barua zangu kwa mchumba, na kila akifika alipewa maji ya kunywa. Mimi niko mji mwingine na kiu yangu.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali. Kidude kwenye kiatu, kiatu kwenye pedeli ya cherehani. Kinahesabu! Hadi mchana hatua elfu mbili na mapazia mawili.

Ule mdundo umenirudisha mbali. Mama watoto alikuwa akikaa kwenye kigoda, akishona vifungo na kuimba kwa kufuata pedeli yangu. Nikikaza mwendo, naye anakaza, mpaka wimbo unamshinda anacheka. Leo nilipunguza mwendo makusudi, nikasubiri. Nimemkumbuka sana.

Jioni: elfu sita. Sista kasema hongera, mzee wangu. Posta hajapiga simu.

Ijumaa, 7 Machi
Elfu kumi na moja. Binti yangu kaja kuniona, akauliza nyumba hii ina madirisha mangapi. Manne. Mapazia yamefika kumi na saba.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Sista kasimama mbele ya darasa, katangaza kwamba nimepona upesi kuliko wote. Nimehitimu. Kiti changu atapewa mama mmoja anayesubiri nje. Makofi. Posta kapiga kuliko wote. Nikasema mimi bado mgonjwa sana. Sista akasema namba hazidanganyi, nitembee tu dakika sita za kipimo nikapumzike zangu.

Nikapanga nifeli. Haikuhitaji mpango. Dakika ya pili nilikuwa nimeshika ukuta na dirisha linazunguka. Sista akanikalisha, akapima mapigo, akakivua kidude kiatuni. Uzi wa bluu ulikuwa umekizunguka. Akakinusa. Mafuta ya cherehani.

Hakufoka. Kwa sauti ya chini akaniambia kuwa daktari, kwa kuziamini namba zangu, alishaniandikia mazoezi ya kupanda ngazi nyumbani. Ningeangukia huko peke yangu. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kiti nibaki nacho, kasema, maana hakuna anayekihitaji zaidi. Nikidanganya tena, basi.

Jumatano, 12 Machi
Posta kaja mlangoni bila kualikwa. Kasema twende. Tukafuata njia yake ya zamani ya barua, polepole, tukipumzika kila kona. Tukafika kwenye nyumba ya kina mke wangu. Siku hizi ni duka la kinyozi.

Pale ndipo aliponiambia. Siku ambazo hakuwa na barua yangu, alikuwa akipita uchochoro wa nyuma, kwa sababu mchumba wangu alisimama mlangoni akisubiri, na yeye hakuweza kumtazama usoni. Siku hizo zilikuwa nyingi. Nilikuwa mvivu wa kuandika. Nikainama nifunge kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Posta akatazama pembeni hadi nilipomaliza.

Hatua elfu tatu na kumi na mbili. Zote za halali.

Ijumaa, 14 Machi
Elfu tatu na mia mbili. Nimeahidi mbele ya picha ya mama watoto: uvivu basi.

Jumamosi, 15 Machi
Miguu inauma. Nimewaza. Posta anatembea kila siku, mvua jua, mifuko mitupu. Kidude hakina uzito. Nimemwomba akibebe kesho tu, mimi nipumzike. Kanitazama sana. Kisha kasema mfuko wake wa shati umetoboka.

Nimemshonea mwingine, wenye kifungo. Alibeba barua zangu miaka mitatu na hakupoteza hata moja. Na Sista hawezi kujua. Safari hii nimetumia uzi mweusi.