Hema la Kujikomoa

Jumatatu, 10 Julai

Wimbo umepigwa mara tisa kabla ya adhuhuri. Nimehesabu. Mara mbili dukani kwa muuza mkate, mara tatu kwenye simu ya dada yangu Tutu, mara moja ndani ya gari la maziwa. Mara zilizosalia sikuweza kutambua chanzo, kwa kuwa sauti iliingia kutoka pande zote za mtaa pamoja na vumbi. Unaitwa "Nimejiposa". Mwimbaji ni Mneitu, na Nouakchott nzima, kuanzia wauza samaki hadi wake wa mawaziri, inaitikia: nimejiposa mwenyewe, nimejikubalia, mahari yangu ni usingizi wangu mtamu.

Wimbo huu unanihusu mimi. Nasema hivi bila majivuno. Mneitu aliutunga papo hapo katika sherehe ya mtalaka wangu, Salka, siku alipomaliza eda na wanawake wakampigia ngoma kama ilivyo ada. Ushahidi umo katika ubeti wa pili: "Alinifundisha kumimina chai, nami nimemmimina yeye." Ni nani mwingine katika jamhuri hii aliyemfundisha mkewe kumimina chai? Nilimweleza, mbele ya wageni wake kumi na wawili na kwa heshima zote, kwamba povu lake lilikuwa pungufu kwa sababu alishika birika chini mno. Akasema basi nimimine mwenyewe. Nikajibu. Akajibu. Talaka niliitamka kama hitimisho la hoja. Sikudhani ingechukuliwa kuwa na nguvu nje ya mjadala.

Kwa miezi mitatu ningeweza kumrejea kwa neno moja tu. Sikulitamka. Nilisubiri akiri kuhusu birika. Hakukiri! Sasa eda imekwisha, na nikimtaka sina budi kuposa upya, naye ana haki ya kukataa.

Nakiri hapa, mahali ambapo hakuna asomaye: namtaka. Humu nyumbani hakuna wa kubishana naye isipokuwa Tutu, na Tutu hana mbinu.

Jumanne, 11 Julai

Nimetunga shairi la kumjibu Mneitu. Beti kumi na nne, vina vya kati na vya mwisho, dondoo tatu kutoka kwa wanafalsafa. Nimelipeleka kwake mwenyewe, nikaomba aliimbe mara tu baada ya "Nimejiposa", ili umma usikie pande zote mbili.

Alilisoma lote, akitikisa kichwa. Nilidhani ni kwa kuguswa. Kisha akasema, "Mwanangu Limam, shairi lako lina mizani, sikatai. Ila mtu hawezi kulitikisia hata bega moja." Akanipa bilauri ya maziwa na kuniagiza nimsalimie mama.

Watu wa ukoo wa waimbaji hawaijui falsafa. Si kosa lao.

Niliporudi, Tutu alinipokea na habari mlangoni, hata viatu sijavua. Sheikhani anajiandaa kumsimikia Salka hema. Sheikhani! Muuza vipuri vya magari, ambaye kitabu pekee anachomiliki ni mwongozo wa jenereta! Atachinja ngamia, ataita waimbaji, Salka ataketi katikati kama malkia na kusifiwa, nami nitasimangwa kwa jina mbele ya mtaa mzima. Baada ya hapo posa yake itakuwa kama imekwisha kujibiwa. Nilimuuliza Tutu ni lini. Akasema wiki ijayo, akaongeza, "Pole, kaka. Watu wanasema ngamia wake mnono."

Jumatano, 12 Julai

Nimeamka nikiwa na mpango. Ni mpango kamili. Nimeukagua kutoka kila upande na sikuona ufa.

Nitamsimikia Salka hema mimi, kesho, kabla ya Sheikhani. Ila sitataja jina. Sheikhani akisikia kwamba mtu mkubwa asiyejulikana amemtangulia, atanywea na kurudi kwenye vipuri vyake. Salka naye atajiuliza: ni nani huyu mwenye ukarimu wa kiasi hiki na adabu ya kujificha kiasi hiki? Kwa kuwaondoa mmoja mmoja wale wasiofaa, atafika kwangu. Ni mantiki tu.

Tutu alinisikiliza hadi mwisho, jambo la nadra. Kisha akasema, "Kaka, hema la mwanamke aliyeachwa husimikwa kumkomoa aliyemwacha. Aliyemwacha ni wewe. Sasa unajikomoa mwenyewe?" Nilimweleza tofauti iliyopo kati ya umbo la tendo na kusudi lake. Akasema, "Haya, bwana mkubwa," akauliza kama nyama itabaki ya kuleta nyumbani.

Mjomba ameahidi kumtoa yule mtamba wa ngamia aliyenizawadia nilipohitimu. Tutu atashughulikia hema, mazulia na gari la kubebea. Mneitu amekubali kuja. Sikumwambia mwenye shughuli ni nani. Yeye alisema kwamba kwa Salka angekuja hata kwa miguu.

Alhamisi, 13 Julai

Naandika baada ya isha, kwa hasira ya kifikra. 

Hema lilikuwa zuri. Naanza na hilo kwa kuwa ni haki. Mazulia mekundu, mito ya ngozi, nyama kwenye masinia, wanawake wamevaa melhafa za kila rangi. Salka aliingia baada ya alasiri akiwa na melhafa ya nili, hina hadi kwenye vifundo vya mikono, akitembea polepole kama mtu asiyedaiwa maelezo na yeyote. Hakuwahi kupendeza vile alipokuwa mke wangu. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nimejitanda kilemba, macho tu nje.

Mneitu akapiga kinubi. Akamsifu Salka, babu zake Salka, visigino vya Salka. Kisha akanisimanga mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, ila si kwa urefu ule. Aliniita kitabu kilichokosa msomaji. Aliniita birika la maneno lisilo na chai. Watu walianguka kwa kicheko, na bibi mmoja mbele yangu aligeuka, akanigonga goti na kusema, "Umesikia hiyo, baba?" Nilicheka pia, ili nisitambulike.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo sikulifikiria. Mwimbaji wa ukoo hawezi kumaliza bila kumsifu mwenye hema. Ni kama sala bila salamu. Mneitu alinyamazisha ngoma, akauliza mwenye hema ni nani amtaje. Hakujitokeza mtu. Akauliza tena. Akaangaza macho, na machoni pake nani akaonekana? Sheikhani, mlangoni, begani amebeba zulia, jasho linamtoka! Tutu alikuwa ameazima gari lake. Lilikuwa gari pekee la mizigo mtaani, ndivyo alivyojitetea baadaye.

Mneitu akapaza sauti: Sheikhani wa Sheikhani, mwana wa wakarimu, mkono usiofunga, bega lisilochoka! Na yule mwizi wa sifa alifanya nini? Aliliweka zulia chini. Akashika kifua. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu!

Nilisimama. Kilemba kikaanguka. Nilifungua mdomo kutamka kwamba hema ni langu, ngamia ni wangu, mito ni ya kukodi lakini nimeikodi mimi. Papo hapo nikaona hoja inavyojipinda: nikijitaja, mimi ndiye mwanamume wa kwanza katika historia ya Wamoori kuchinja ngamia ili atukanwe. Nikabaki nimesimama, mdomo wazi.

Wakanitambua. Vigelegele vikalipuka hadi turubai likatikisika. Hakuna kinachowafurahisha watu katika hema la aina hii kama kumwona aliyeacha amekuja mwenyewe, amekasirika. Wanawake walikuja kunipongeza! Mmoja aliniambia kwamba sherehe ya binti yake ilidorora kwa kuwa mkwewe hakuonekana kuumia hata kidogo.

Nilipofika nyumbani "Nimejiposa" ilikuwa inapigwa. Sikuhesabu.

Ijumaa, 14 Julai

Msikitini Sheikhani alinishika mkono, akaniita "shemeji", akaniomba tusiwekeane kinyongo. Nikamwambia kwamba anapokea sifa zisizo zake. Akasema sifa zote ni za Mungu. Jioni shangazi yake alionekana akielekea kwa kina Salka, mikononi ana kikapu.

Sikula. Mama ananiletea uji na kuuliza kama ni tumbo.

Jumamosi, 15 Julai

Salka ameniita! Nilivaa daraa ya bluu, iliyopigwa pasi mara mbili.

Alikuwa uani na wanawake watatu wa kwao. Hakunikaribisha kukaa. Aliniuliza kama nilidhani hajui chapa ya ngamia wa mjomba wangu, wakati alimlisha majani yule mtamba mwaka mzima. Alimwona asubuhi ile, amefungwa nje, chapa shingoni. Alijua kila kitu kabla ya wimbo wa kwanza. Alikaa pale kwa saa tatu akinitazama nikitukanwa kwa gharama yangu.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Nikukatize? Ndiyo mara ya kwanza umenifurahisha bila kunieleza sababu."

Wale wanawake walicheka. Mimi pia nilitabasamu, kwa staha.

Kisha akaacha mzaha. Shangazi wa Sheikhani amerudishwa na kikapu chake. Salka alimwambia kwamba amekwisha kujiposa, na kwamba hasemi hivyo kwa ajili ya wimbo. Anajipenda hivi alivyo, analala vizuri, na chai yake anaimimina anavyotaka. Kwa mume hana haraka. Ila mimi, kwa ajili ya ngamia yule, atanipa nafasi moja. Jumatatu, alasiri, gari litamchukua kwenda Atari kwenye mavuno ya tende. Kabla halijaondoka nije nisimame mbele ya wanawake wale walionisikia siku ile ya chai, niseme neno moja: nilikosea. Hapo atakuwa tayari kuniandikia akiwa Atari, na akirudi tutaona. "Neno moja, Limam. Halafu unyamaze."

Neno moja! Nilirudi nikiruka madimbwi ya maji machafu kama mtoto.

Jumapili, 16 Julai

Nimefanya mazoezi. "Nilikosea." Mbele ya kioo, mbele ya Tutu, mbele ya mbuzi. Tutu amenishika mabega na kunisihi: "Kaka, ukishasema, uma ulimi. Nakuomba. Mimi nimemmiss wifi yangu." Nimemwahidi.

Neno lenyewe, nikilitafakari, lina upana unaotisha. Kukosea katika nini? Katika namna ya kusema, au katika jambo lililosemwa? Katika namna, nakubali bila shida: wageni walikuwa wengi. Katika jambo lenyewe, povu lilikuwa pungufu. Lakini sitasema. Nimeazimia. Nimeyaandika haya pembeni, kurasa sita tu, ili yatoke kichwani.

Jumatatu, 17 Julai

Naweka kumbukumbu sahihi, kwa kuwa Tutu anasambaza toleo lake.

Nilifika mapema. Gari lilikuwa mbele ya mlango, mabegi juu, vibuyu vya maziwa vimefungwa ubavuni. Wanawake kumi na wawili, nimewahesabu, walisimama kivulini. Salka alikuwa amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, mguu mmoja bado uko chini.

Nikasimama katikati yao. Nikasema, kwa sauti iliyosikika hadi duka la mkate: "Nilikosea."

Salka alinitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulilegea, nikaona lile tabasamu dogo la kushoto ambalo sijaliona tangu mwezi wa tatu. Akaanza kuutoa mguu wa pili garini. Tutu, nyuma yangu, alinifinya mgongo kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Nikasema, "Lakini."

Si "lakini" ya kupinga! Ilikuwa ya kufafanua. Nilitaka tu neno langu lieleweke lisije likachukuliwa kwa upana usio wake. Nikatoa kurasa sita. Nikaeleza hoja ya kwanza, kuhusu namna, kwa ukarimu mkubwa kwake. Bibi mmoja akajifunika uso. Nikaingia hoja ya pili, kuhusu urefu wa birika, na nilikuwa nimefika kwenye mfano wa maporomoko ya maji pale Salka aliporudisha miguu yote miwili, akafunga mlango, akamwambia dereva twende. Gari likaondoka. Redio yake, bila shaka, ilikuwa inapiga "Nimejiposa".

Nilimaliza kusoma. Mtu hukamilisha anachoanza.

Sasa nimetulia, na nikiyapitia yote bila ushabiki naona mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Hoja ya pili haikujibiwa. Katika kanuni zote za mjadala nilizowahi kusoma, aliyenyamaza amekubali. Kwa hiyo tangu saa kumi na nusu alasiri ya leo Salka amenikubali, pamoja na birika. Nimemwagiza Tutu aanze kuwaarifu jamaa. Amenitazama, akachukua sinia la chai, akatoka bila kusema neno.

Naye amekubali.