Malalamiko Kuhusu Shetani Niliyemchora Mwenyewe

Mhashamu Baba Askofu,

Kwa heshima nyingi na magoti yanayouma, mimi Vanni, mchoraji wa kuta za makanisa, nawashtaki kwako waumini wa Pietrafosca. Padri Ugolino aliniita nimchore Malaika Mikaeli akimkanyaga Shetani. Nimechora. Tatizo ni kwamba watu wamempenda Shetani.

1. Siku ya kumchora Malaika nilikawia kwenye mchuzi wa dengu, lipu, ambayo hushika rangi ikiwa mbichi tu, ikakauka kabla sijamaliza midomo. Amebaki kama mtu aliyekunywa siki. Kesho yake lipu ilikuwa mbichi vizuri, mkono mwepesi, na zamu ikawa ya Shetani.

2. Mjane Fiordalisa, muuza jibini, humwashia mshumaa kila asubuhi. Nilimwambia, "Mama, huyo ni Shetani." Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, huyu ndiye anayenisikiliza. Huyo wa juu ni nani, mtoza ushuru?"

3. Padri aliniamuru nimharibu Shetani sura. Nikamwongezea pembe. Wakulima walipoziona, wakaanza kumletea ng'ombe wagonjwa. Sasa Padri anahubiri huku ameinua kanzu isiguse sakafu. Kibaya zaidi, baadhi ya ng'ombe wanapona.

4. Mke wangu Nese alikuja na majirani. Alimtazama Shetani, kisha akaniuliza mbele yao, "Vanni, kumbe unajua kuchora? Miaka yote ulikuwa unatuficha?"

Padri Ugolino ameapa kuubomoa ukuta kwa nyundo kabla ya sikukuu ya Mikaeli, na hiyo ndiyo kazi yangu pekee iliyowahi kumfanya mtu asimame kuitazama. Kwa hiyo naomba utoe amri, isomwe kwenye Misa, kwamba Shetani yule ni mbaya wa sura, na anayemwona mzuri ana kasoro ya macho. Malaika naye atangazwe kuwa anatabasamu. Ikishindikana, Kanisa lifikirie kuwabadilishia majina tu. Hilo halihitaji lipu mpya.

Nisalimie wapishi wako, makarani wako, na yule padri mzee aliyenishauri nijaribu useremala.

Wako katika utii na woga,
Vanni wa Ceccolo

N.B. Kabla sijaifunga barua wamefika wazee wa kijiji cha Valdorsa, wanataka ukuta kama huu kanisani kwao. Niliwauliza wanamtaka malaika gani. Wakatazamana, mmoja akasema, "Malaika si lazima, fundi." Nimekubali. Ile amri, Baba, tuiache kwanza.