Sisimizi Niliyemficha

Jumatatu, 4 Machi

Chumba cha wadudu kimepata mgeni! Binti mtafiti, kaja na magunia ya majani yaliyooza kutoka msitu wa kisiwani kwao. Anamtafuta sisimizi mdogo kuliko punje ya mchele, aishiye chini ya majani hayo na si pengine popote. Mkuu wa makumbusho ameniagiza nimsaidie kuchekecha. Nikajifanya nina kazi nyingi. Sina. Tangu nilipomzika mke wangu, kiti cha pili humu kimekuwa cha kutundikia koti.

Bwana Vipepeo wa chumba cha jirani kachungulia, kachungulia tena. Yeye wageni wake hawakatiki. Leo na aonje kukosa.

Jumanne, 5 Machi

Tumechekecha majani juu ya sinia jeupe. Binti anasimulia huku akichekecha: mama yake, mvua za kwao, wakata miti waliokwishafika ukingoni mwa msitu. Sisimizi akionekana, msitu utapata wa kuutetea. Asipoonekana, hana hoja.

Ameniuliza kama nimekula. Nikasema nimeshiba. Uongo, lakini swali lenyewe lilinishibisha.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nimempata.

Binti alikuwa ametoka kunawa. Mdudu wa kahawia, taya ndefu. Nilipomgusa kwa brashi akajikunja, akajifanya mfu. Ndiye, hana pacha. Nikafungua mdomo niite, wazo likanijia: akimwona leo, kesho anafunga virago. Mdomo nikaufumba. Sisimizi kaingia kwenye kichupa cha spiriti, kichupa mfukoni. Ni kwa siku chache tu. Msitu umesimama tangu enzi za mababu, utanivumilia.

Binti aliporudi akauliza kama kuna kitu. Nikasema bado, tuzidi kuomba.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango unakwenda kama maji kwenye mteremko. Ila binti kanyamaza. Hana habari za mama wala za mvua. Nikajaribu kusimulia mimi: nimemweleza habari za goti langu, la kulia, kisha la kushoto. Hakusikia hata moja.

Bwana Vipepeo kaleta biskuti, akajitolea kuchekecha. Nikamwambia mikono yake imezoea viumbe vikubwa. Kaondoka. Biskuti zimebaki, nimezila mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Pigo! Mkubwa wake kampigia simu: kama hakuna kitu, arudi kesho. Kumbe nimepiga hesabu kichwa chini. Akimkosa ndipo anapoondoka. Angempata, angebaki hapa miezi kadhaa akimpima na kumchora. Sikuwa nimeuliza.

Binti alipoinama kufunga magunia, nikamdondosha sisimizi kwenye sinia na kutangaza kwamba ameonekana. Akaja mbio. Akamtazama kwa lenzi, uso ukamng'aa. Kisha akanusa.

"Mzee, sisimizi gani huyu anatoka majanini ananuka spiriti?"

Nikataja unyevu. Nikataja hali ya hewa. Yeye akanyoosha mkono tu, nami nikatoa kichupa mfukoni. Akakigeuzageuza kwenye mwanga. Nilitamani anifokee. Hatimaye akasema, taratibu kabisa: "Ungeniambia tu unataka nikae. Ningekaa."

Nimejifanya natafuta kizibo.

Jumatatu, 11 Machi

Binti amebaki. Kazi yote kaihamishia chumba cha Bwana Vipepeo. Anasema kule kuna mwanga mzuri. Kupitia ukuta nawasikia wakicheka. Kanipa shikamoo mlangoni, shikamoo ya heshima zote, kama anayempa mtu asiyemfahamu. Afadhali angenitukana.

Habari njema: wakata miti wamesimamishwa kwa sasa. Nilitaka kumpongeza. Nilifika hadi mlangoni kwao, nikasikia vijiko vikigonga vikombe, nikarudi.

Jumatano, 13 Machi

Fundi bomba kaja kurekebisha sinki langu. Mtu mcheshi! Kaketi, kanisimulia harusi ya dada yake mwanzo hadi mwisho, kacheka utani wangu kabla sijaumaliza. Kaniambia bomba hili sasa halitavuja tena mpaka tutakapozeeka wote wawili.

Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi, nikampungia mkono.

Kisha nikarudi chumbani, nikalitazama lile bomba. Halikudondosha hata tone. Nikaenda kuazima spana.