Kigen Aliyejifanya Fukara

Kijiji kizima cha Kiplombe kilijua kwamba Kigen ni tajiri, kwa sababu mwenyewe alikuwa amewaambia! Tangu mradi wa mazingira uanze kumlipa ruzuku ili aache kulima ukingo wa mto, apande miti na kuweka mizinga, hata salamu aliitikia kwa maziwa.

"Umeamkaje, Kigen?"

"Lita arobaini!"

Kisha ikasikika kwamba mradi unatuma mtu kupima kama ruzuku imeinua kipato cha wakulima. Kigen akaingiwa na baridi. Wakikukuta umeshiba, aliwaza, si wataondoa sahani? Alfajiri akawaswaga ng'ombe wake sita hadi kwa jirani, Kipkoech, mkulima mwenzake katika mradi, naye akawapokea bila maswali. Kumwekea rafiki ng'ombe ni desturi tangu enzi za mababu.

Mpimaji, Seline, akafika na tableti yake.

"Mzee, mbali na chakula, hii shamba inafanya kazi gani ingine?"

"Shamba ifanye kazi? Mimi ndiyo nafanya, mpaka mgongo imeisha!"

"Namaanisha nyuki, kuhifadhi maji, kivuli..."

"Nyuki walihama! Hata hii kivuli ni ya jirani!"

"Na ng'ombe?"

"Maziwa mimi huona tu kwa chai ya watu." Kigen akajipangusa chozi ambalo halikuwepo. Mkewe, Jerop, akaona aibu, akaingia jikoni.

Seline akaandika yote kwa huruma, akavuka ua kwenda kuhesabu kwa Kipkoech.

Baada ya wiki mbili wakulima wakaitwa uwanja wa kanisa kusomewa matokeo. Kipkoech, kutoka ng'ombe wawili hadi wanane! Shamba la mfano! Ruzuku yake maradufu, na wakulima wa Sugoi wangeletwa kujifunza kwake.

"Na Mzee Kigen, pole sana," Seline akasema. "Miti yetu haijakusaidia na kitu. Tumekutoa kwa mradi, tusizidi kukusumbua."

Kigen akaruka wima. "Hao sita ni wangu!"

Seline akafungua tableti taratibu.

"Mzee, kama ni wako, basi ulidanganya, na aliyedanganya anarudisha ruzuku ya miaka yote tatu. Sasa tuambie, hao ng'ombe ni wa nani?"

Kigen akamtazama Kipkoech. Moyo ulimuuma kweli.

"Ni wa Kipkoech," akanong'ona.

"Sema kwa nguvu!" Jerop akapaza sauti kutoka nyuma. "Huku hatujasikia!"