Tamasha la Unga wa Kukaanga, Mayfair

Kamati ya Maandalizi ya Tamasha la Kwanza la Unga wa Kukaanga, ambayo mimi Seif ni Katibu wake, inaujulisha umma wote wa Johannesburg kwamba tamasha lilifana sana. Kilichoharibika ni mpango wetu tu.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Marcellin, mtu wa Uvira mwenye suti saba, alikwenda Italia mwaka 2018 kwa ziara ya mafunzo ya siku kumi na mbili. Akakuta huko vijiji vina sikukuu ya unga: watu wanapanga meza barabarani, kina bibi wanakaanga hadi vipande vivimbe kama mito, wote wanakula na kucheza muziki. Ilimsikitisha kuona mambo yanakwenda vizuri bila fomu. Akarudi na ripoti ya kurasa tisini, akitaka mtaa wetu wa Mayfair nao upate sikukuu hiyo, ila yenye utaratibu.

Chakula chenyewe kinaitwa gnocco fritto. Waitaliano hutamka "nyoko".

Nilinyoosha mkono kikaoni. "Mheshimiwa, kwa Kiswahili hilo ni tusi la mama. Kwa Kizulu pia."

"Bwana Seif, hilo ni tatizo la msikilizaji. Halimo katika hadidu zetu za rejea."

Nikaliandika hivyo.

Kisha tukamwendea Mayasa, mjane wa Tanga aliyekaanga mandazi kwa miaka tisa kwenye kona ya uwanja tuliouchagua kwa tamasha. Kona hiyo ndiyo iliyosomesha binti zake wawili. Mwenyekiti akamkabidhi barua: ama mandazi yaitwe nyoko, ama aondoke.

Mayasa akaisoma, upawa mkononi. "Yaani mzee akitoka msikitini nimwambie, 'Shikamoo baba, nikufungie nyoko wangapi?'"

"Ndiyo," akasema Mwenyekiti. "Kwa tabasamu."

"Basi nahama."

Akavuka barabara na karai lake, akajibanza nyuma ya robot, yaani taa za barabarani, mahali ambapo magari husimama lakini watu hawapiti. Wiki nzima nilimwona akirudi nyumbani na ndoo imejaa mandazi. Nilisikitika kwa nafasi yangu binafsi, si kwa niaba ya Kamati.

Jumamosi, viti mia tatu vilijaa. Nyoko rasmi walikuwa wa mraba, sentimita nane kwa nane, wamekaangwa Alhamisi ili wawahi ukaguzi. Mbele kabisa aliketi Mama Léocadie, mama mzazi wa Mwenyekiti, aliyetoka Uvira kuja kuona mwanawe anavyoheshimiwa.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Nyoko yuko tayari! Nyoko amekaangwa vizuri, pande zote mbili!"

Mlinzi wa getini, Mzulu mpole kabisa, akaanza kuvua koti taratibu.

Mama Léocadie akamwahi mlinzi. "Marcellin."

"Naam, mama."

"Nyoko ni nani?"

"Mama, ni Kiitaliano..."

"Nyoko ni mimi. Nimekaangwa lini?"

Watu wakaangua kicheko, mlinzi akarudisha koti mabegani. Mama akachukua kipande kimoja rasmi, akakigonga mezani, kikalia ko! Akanusa hewa, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwa Mayasa. Akala andazi, akafumba macho, akanyoosha mkono apewe la pili.

Watu mia tatu wakamfuata, kila mmoja na kiti chake. Mtu akafungulia rumba. Meza zikapangwa hadi kwenye mlango wa kinyozi, na Mayasa akawa hana mikono ya kutosha.

"Mwanangu," Mama Léocadie akaita, "njoo huku. Kunja mikono ya shati."

Mwenyekiti alieleza kwamba itifaki hairuhusu. Alipofika kwenye neno "hairuhusu", mama yake alikuwa ameshamfunga aproni.

Manne ya kwanza aliyaunguza. La tano likavimba mbele ya macho yake, likageuka lenyewe kwenye mafuta, naye akacheka kwa sauti. Miaka minne ya kufanya naye kazi, sikujua kwamba ana mwanya.

Jumatatu Kamati iliazimia, kwa kauli moja, kumrudishia Mayasa kona yake. Alikuwa amesharudi tangu Jumapili.

Mwenyekiti sasa huenda pale kila Jumamosi. Kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi nilihitaji kujua cheo chake kipya, nikamuuliza Mayasa. Akamtazama anavyogeuza mandazi.

"Andika, yuko kwenye majaribio."