Hewa Iliyopigwa Lakiri

Je, umewahi kutangaziwa kwamba husikii baridi? Wakazi wa jengo la Mtaa wa Sabuni, mjini Lipovka, walitangaziwa, tena kwa kipaza sauti, theluji ikiwaingia masikioni.

"Ofisi ya Joto inawapongeza kwa kupata joto," alisema Mkurugenzi Rodion Savvich. Kipimajoto rasmi kilithibitisha. Kilitundikwa kando ya tanuri la ofisi, mahali tulivu pasipo na malalamiko.

Bibi Agrafena wa ghorofa ya chini akazigusa rejeta za nyumbani kwake, vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto ya kupasha nyumba. Baridi kama pua ya mbwa. Na kesho yake mjukuu wake Ulyana alikuwa anatoka hospitali ya wazazi na kitoto kichanga, na kitoto hakisikilizi matangazo.

Dawa kila mtu aliijua. Hewa hupanda bombani, ikajikusanya ghorofa ya juu, ikaziba maji ya moto. Basi aliye juu hufungua koki ya rejeta yake, akakinga beseni, hewa ikatoka ikizomea, na jengo zima likapata joto. Walio chini humpelekea mkate wa kabichi, wakashukuriana, wakalala.

Lakini mwaka huu aliyehamia juu ni Rodion Savvich mwenyewe, na koki zote za mji kazipiga lakiri nyekundu. Hewa ya mabombani ni mali ya umma. Haiwezi kutoka ovyoovyo. Atakaye kuvunja lakiri sharti jirani wa chini yake athibitishe kwamba mwombaji kweli anasikia baridi.

Agrafena akapanda ngazi polepole, akabisha. Mkurugenzi akafungua mlango akiwa na fulana na kaptura.

"Rodion Savvich, mwanangu, ifungue hiyo koki yako. Kesho naletewa kitukuu."

"Bibi, suala la hewa liko kwenye tume. Tume imeunda kamati ndogo ya mapovu."

"Na hicho kinachong'aa chini ya meza? Si hita ya umeme? Si ulizipiga marufuku?"

"Hiyo ni sampuli."

Agrafena akashuka, akigonga kila mlango. Kumbe kila nyumba ilikuwa na sampuli yake, imefichwa nyuma ya mitungi ya matango. Mchana ule wakazichomeka zote kwa pamoja. Umeme ukashindwa, ukazimika jengo zima.

Majirani wakakusanyika kunywa chai kwa Agrafena, mwenye jiko la gesi. Chai ya pili ilikuwa haijamiminwa, Rodion Savvich akaingia na koti, kofia ya manyoya, na blanketi juu ya kofia.

"Kufuatia upungufu wa muda wa hali stahiki ya ujoto," alianza, "Ofisi inahitaji uthibitisho wa jirani wa chini."

"Hakuna aliye chini kuliko mimi," alisema Agrafena. "Nithibitishe nini?"

"Kwamba katika makazi ya mkurugenzi pamejitokeza mwelekeo wa kibaridi."

"Mbona mashavu yako mekundu, afya tele," alisema Pankrat, fundi viatu wa ghorofa ya pili, akilamba jamu kwenye kijiko. "Kipimajoto rasmi kinasemaje?"

"Kinasema joto." Meno yakamgongana.

"Basi hongera, mheshimiwa."

Birika likaanza kuimba. Agrafena, beseni mapajani, akamtazama bila haraka.

"Sema kama mtu aliyezaliwa na mama, Rodion. Unataka nini?"

Mkurugenzi akatazama dari, akatazama buti zake.

"Nasikia baridi, bibi," alisema. "Njoo unifungulie hewa."